Meno Meusi ya Siku Moja

Jumatano, 7 Juni 1922

Joto la kuchemsha maji bila moto. Mji wote wa Nam Dinh unajikuna. Marhamu yangu ya harara imekwisha kabla ya saa nne. Unga wa meno unasuasua.

Mchana akaja mshenga. Nilijua kuna jambo. Alikaa bila kukaribishwa, akanywa chai yangu, akasifu hali ya hewa. Hakuna mtu timamu anayesifu hali ya hewa hii. Mwishowe akalitema jambo lenyewe. Bi Nghi, mama yake Hoan, kijana anayemposa binti yangu, amekubali kila kitu. Nyota za watoto zinapatana. Ukoo wetu si mkubwa, lakini hauna aibu. Kimebaki kitu kimoja tu, meno ya Thoa.

Nikauliza meno ya binti yangu yana kasoro gani. Hayana hata tundu moja. Mshenga akakubali hayana tundu, ila ni meupe. Bi Nghi kasema hatapokea mke wa mwanawe mwenye meno ya mbwa. Atavuka mto Jumapili ya tarehe kumi na nane aje amtazame mwenyewe. Akiyakuta yametiwa weusi kama ya mwanamke wa heshima, sawa. Akiyakuta meupe, atageuza mguu.

Nimeduwaa. Mimi ndiye Khoat, muuza unga wa kung'arisha meno, soko la Rong! Mfupa wa ngisi, chumvi, karafuu, makaa ya maganda ya popoo, vyote nasaga kwa mkono wangu. Na kwa miaka mitatu Thoa amekaa mbele ya kibanda akitabasamu. Hana haja ya kunadi. Watu wanaona, wananunua. Hoan mwenyewe, karani wa posta, alinunua unga kila wiki kwa miezi miwili. Nilidhani ana meno mengi kuliko watu wengine. Kumbe ni tabasamu lile.

Mama anataka meusi. Mwana anataka meupe. Nikimtia binti rangi, bwana harusi atanuna, na mimi nitauza unga wa nini tena? Nisipomtia, hakuna harusi.

Thoa anasema nimwambie Bi Nghi ukweli. Ana miaka kumi na tisa. Bado anadhani watu huozwa kwa ukweli.

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Nimepata. Rangi ya siku moja! Asubuhi meusi kwa ajili ya mama mkwe, jioni yanasuuzwa. Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria?

Alhamisi, 8 Juni

Kikwazo cha kwanza ni kwamba sijui rangi inatengenezwaje. Anayejua ni Bi Tuat, wa kibanda cha jirani. Miaka thelathini na moja anawatia wasichana rangi nyeusi ya meno. Hatusemezani tangu mwaka jana. Aliwaambia wateja kwamba unga wangu ni chokaa ya kupigia ukuta. Mimi nikasema kazi yake ni kupaka lami. Tangu hapo mwavuli wake, kila mvua ikinyesha, unadondoshea maji kwenye sinia langu, na hakuna siku umekosea.

Leo nilijipitisha kwake nikijifanya natafuta paka. Akaniuliza tangu lini nina paka. Nikasema tangu jana. Akaniuliza jina la paka. Sikuwa nimeliandaa.

Hata hivyo niliona. Shabu nyeusi, ile ya kutia rangi, kwenye bakuli. Maganda ya komamanga. Vipande vya lakiri nyekundu, ile ya wadudu wa mitini. Imetosha. Mtu mwenye akili anaona vitu vitatu, anajua vilivyobaki.

Jumamosi, 10 Juni

Nimefanya kazi siku mbili. Thoa ameuza peke yake. Anatabasamu kwa wateja, akigeuka kwangu tabasamu linakatika.

Jaribio la kwanza lilikuwa masizi ya taa na asali. Nikajipaka mwenyewe, maana simjaribii mwanangu. Meno yakawa meusi, na ulimi, na kidevu. Nikanywa chai. Meno yakarudi kuwa meupe, chai ikawa nyeusi. Haifai. Bi Nghi lazima atakunywa chai na sisi.

Jaribio la pili nilichemsha shabu nyeusi na maganda ya komamanga kwenye sufuria ndogo ya marhamu. Maji tu. Hayashiki jino hata kidogo. Nimeyamwaga, nimefuta sufuria kwa jani la mgomba.

Bi Tuat alichungulia mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama paka amepatikana.

Jumatatu, 12 Juni

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimefunga mdomo, ingawa kuandika hakuhitaji mdomo.

Jana Hoan alipita kumsalimu Thoa. Nikamwomba masalio ya lakiri nyeusi, ile wanayofungia barua za msiba. Hakuuliza ya nini. Kijana mpole mno. Akaniletea kiganja kizima cha vipande vya kutupwa. Nilikusudia kumweleza mpango wote, ila yeye na Thoa walikuwa wanazungumza kuhusu mvua kwa namna ambayo mvua haizungumzwi, nikaona niwaache.

Leo asubuhi nikayeyusha lakiri katika pombe kali ya mchele. Ikawa nzito, nyeusi, inang'aa kama sinia jipya. Nikapaka meno yangu manne ya mbele, ya juu. Yakakauka papo hapo. Nikajitazama kwenye kioo. Mazuri kweli, meusi kama mbegu za topetope! Nikanywa chai, hayakutoka. Nikatafuna mua, hayakutoka. Nikashangilia peke yangu jikoni.

Halafu nikataka kuyatoa.

Pombe haikusaidia, ila ilinichangamsha. Chumvi haikusaidia. Mwishowe nikachukua unga wangu mwenyewe, ule ninaowaambia watu kwamba unaondoa doa lolote alilowahi kupata binadamu mdomoni. Nikasugua mpaka fizi zikatoka damu. Meno ya pembeni yanawaka kwa weupe. Manne ya mbele hayana habari.

Nimekwenda sokoni hivyo hivyo, maana tusipofungua hatuli. Mwanamke mmoja alishika kifurushi, akaniuliza kama unga unang'arisha kweli. Nikajibu bila kufungua mdomo. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akarudisha kifurushi taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake.

Bi Tuat aliacha kazi yake, akaja kusimama mbele yangu. Alinitazama kwa muda. Akasema kazi ni chafu, nimeanzia katikati, na kama nilikuwa nataka kubadili dini ningemwambia tu. Soko zima likacheka. Thoa naye. Lakini yeye alicheka huku machozi yakimlenga, na baadaye akaniletea uji laini bila kuniuliza kitu.

Jumatano, 14 Juni

Bahati imenigeukia. Niandike kwa mpangilio, kabla furaha haijanichanganya.

Saa tano, Thoa amekwenda kuchota maji. Akaja mama mmoja mtu mzima, kanzu ya rangi ya kahawia, kofia pana, meno meusi yaliyotunzwa vizuri mno. Alikuwa anajikuna shingo kwa siri, kwa ncha ya pepeo. Akaniomba dawa ya harara. Nikamwambia marhamu imekwisha, ila nitamchanganyia mpya palepale. Salfa, mafuta ya nguruwe, majani mabichi ya dawa. Kwenye sufuria yangu ndogo. Ilitoka na ukijani kidogo. Majani hayo.

Nilipokuwa nasaga nikajisahau, nikatabasamu. Akayaona meno yangu. Nikangoja kicheko.

Hakucheka. Akaniuliza kwa upole kwa nini manne tu. Nikamwambia, sijui maneno yalitoka wapi, kwamba nimeanza na hayo kwa heshima ya wazee wangu, na mengine yatafuata nikipata ujasiri. Akaniambia siku hizi hata wanawake wanakimbia, sembuse mwanamume mwenye biashara ya unga mweupe. Akasema nina moyo. Macho yake yalilowa. Nami, Mungu anisamehe, karibu niamini.

Kisha akasema jina lake. Bi Nghi. Mama yake Hoan. Alikuja mapema kutuchunguza bila mshenga, jambo ambalo mimi pia ningelifanya. Akasema baba wa namna hii bila shaka amemlea binti wa namna hiyo hiyo. Nikajibu: bila shaka.

Alikataa nimpe marhamu bure. Akaondoka nayo kurudi ng'ambo ya mto. Thoa aliporudi na maji nikamwambia kila kitu. Akaweka ndoo chini. Akasema sasa tunadanganya mara mbili, kwa rangi na kwa maneno, na ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa mama wa watu ameondoka ameguswa.

 Nikajifanya napanga vikopo.

Jumamosi, 17 Juni

Rangi iko tayari. Lakiri haitagusa mdomo wa mwanangu, hilo niliapa. Ni masizi, uji mzito wa mchele wa kunata, asali kidogo na ute wa yai. Haitoki kwa chai. Nimejaribu vikombe sita. Inatoka kwa maji ya chumvi na kusugua.

Thoa amekataa kutwa nzima. Nikambembeleza, nikanuna, nikambembeleza tena. Nikamwuliza kama anampenda Hoan au hampendi. Akasema swali hilo silo. Nikamwuliza lipi basi. Akatazama meza ya uvumba, ilipo picha ya mama yake.

Marehemu mke wangu alikuwa na meno meusi. Akicheka, nilikuwa naona kwanza giza, kisha mng'ao. Ni miaka minane sasa. Sijawahi kumwuliza Thoa kama anaukumbuka mng'ao ule.

Jioni akaja mwenyewe jikoni. Akasema atakubali, kwa siku moja, na nisimwombe tena kitu kama hicho maisha yangu yote. Nimekubali haraka haraka.

Jumapili, 18 Juni

Walifika saa tatu. Mshenga mbele, Hoan akiwa na viatu vipya, na Bi Nghi.

Bi Nghi amejifunga kitambaa cha hariri shingoni, mizunguko miwili, mpaka masikioni. Mwezi wa sita! Jasho linamtiririka kwenye nyusi. Nikadhani ana homa. Nikamwuliza hali, akajibu kwa ufupi kwamba hajambo. Nikampa pepeo kubwa.

Thoa akaingia na chai. Macho chini, nywele zimefungwa vizuri. Akakaribisha wageni, na meno yakaonekana. Meusi, sawasawa, yanang'aa. Nilijivuna. Kisha nikamwona Hoan. Nilikuwa nimesahau kumwambia Hoan! Akaweka kikombe chini kama mtu aliyepokea telegramu ya msiba.  Hata hivyo hakuacha kumtazama Thoa, na baada ya muda nikaona amekaza uso, kama anajiambia kwamba ni yuleyule. Nilimpenda kijana yule kwa dakika ile kuliko siku zote.

Bi Nghi alifurahi. Akamwuliza Thoa ilichukua siku ngapi. Thoa akanitazama. Nikasema tisa. Bi Nghi akatikisa kichwa kama anayekumbuka. Akasema yeye pia ilikuwa tisa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Midomo ilivimba, akawa anameza uji bila kutafuna, kila akitaka kulia mama yake anamshika mikono asije akajigusa. Siku ya mwisho mama yake akampa kioo, akamwambia sasa umekuwa mtu. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata kwa kipindupindu. Bi Nghi akasema kila akisikia msichana anayacheka meno meusi, huona kama mama yake anafukuzwa mlangoni.

 Mimi nilikuwa natazama mkeka.

Ndipo akachukua kipande cha nanasi, akakichovya kwenye chumvi na pilipili, akampa Thoa kwa mkono wake mwenyewe. Mkono wa mama mkwe haukataliwi. Thoa akala. Chai nilijaribu vikombe sita. Nanasi sikulijaribu.

Mstari mweusi ukashuka kidevuni. Halafu wa pili. Mshenga akakohoa. Mimi nikaanza kusema kitu kuhusu nanasi za mwaka huu. Thoa akainuka, akaenda kwenye beseni uani. Tukasikia maji. Akarudi na meno meupe kama alivyozaliwa nayo, akapiga magoti mbele ya Bi Nghi.

“Mama,” akasema, “baba amekudanganya kwa sababu ananipenda, na mimi nilikubali kwa sababu nampenda mwanao. Lakini uliposimulia habari za mama yako, nimeona haya. Meno yangu sijawahi kuyatia rangi.”

Bi Nghi akamwuliza, kwa sauti ndogo, meno ya mama yake mzazi yalikuwaje.

“Yalikuwa meusi. Sijaona mazuri kama yale. Alipokuwa anaumwa nilimwuliza kama nami nitie. Akaniambia nikikua nitaamua mwenyewe. Nimekua, nimeamua hivi. Lakini simcheki mtu, mama. Nikimwota mama yangu, ananichekea na meno yake yaleyale.”

Sikujua habari hiyo. Miaka minane nimekaa naye nyumba moja, sikujua.

 Bi Nghi akanigeukia mimi. Akaniuliza: na ya kwako, Bwana Khoat? Nikamwambia ya kwangu ni ya kweli kwa maana kwamba hayatoki. Nilijaribu kwangu kwanza, nisimwumize mtoto.

Ndipo akaanza kufungua kitambaa. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Shingo yote ilikuwa nyeusi. Kutoka masikioni hadi mabegani, na vidole vya kulia pia, alivyojipakia marhamu.

“Na hii je, Bwana Khoat? Hii nayo ni ya siku moja?”

Nikaikumbuka sufuria. Shabu nyeusi, maganda ya komamanga, na jani moja la mgomba nililofutia. Nilitamani mkeka unifunike.

Sauti ikatoka puani mwa Hoan. Akajitahidi kuizuia, ikawa mbaya zaidi. Mama yake akamtupia jicho, ikakatika. Bi Nghi akajifunga tena kitambaa, polepole, kwa heshima yote. Akasema mwasho umeisha, hilo hawezi kulikana. Akasema anakwenda nyumbani kufikiri. Wakaondoka.

Tuliketi na Thoa tukila nanasi lililobaki, kwa kuwa halikuwa na kosa. Nikamwomba radhi. Hakukasirika, alikuwa amechoka tu. Akaniambia, “Baba, wewe huwezi kuwa na wasiwasi bila kuchanganya kitu.”

Jumatatu, 19 Juni

Leo nimefanya jambo gumu kuliko yote. Nimekwenda kwa Bi Tuat, nikamwambia kila kitu, bila paka.

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Nikangoja. Alipomaliza akajipangusa macho, akaniuliza kama mama wa watu anatoka nje. Nikasema hatoki bila kitambaa. Akaacha kucheka. Akafunga kibanda chake saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kuliona, akanunua kapu la mabirimbi na ndimu, akaniambia nibebe.

Tulivuka mto. Bi Nghi alitupokea mlangoni, akamkaribisha Bi Tuat, mimi akaniacha nje na bata. Nilikaa na bata mpaka alasiri. Niliwasikia ndani. Kwanza sauti ya kusugua. Kisha maongezi. Kisha, nisiamini masikio yangu, kicheko cha wanawake wawili.

Tukiwa kwenye mtumbwi wa kurudi nikamwuliza kama doa limetoka. Akasema limebaki kivuli, kesho mabirimbi tena, kesho kutwa litakwisha. Nikamwuliza walikuwa wanaongea nini. Akanitazama kama anapima kama nafaa kuambiwa.

Bi Nghi alimwuliza, yeye mwenye kazi, kama msichana alazimishwe. Akamjibu hivi: “Miaka thelathini na moja nimetia wasichana rangi. Aliyekuja kwa hiari yake, rangi ilishika. Aliyeletwa akilia, ilibanduka kabla ya mwaka, nikailaumu shabu. Haikuwa shabu.”

Nikamwambia maneno hayo yanaiua biashara yake. Akasema biashara yake inakufa yenyewe, haihitaji msaada wangu. Mwaka huu amepata wasichana watatu. Akasema alidhani kuniona na meno manne meusi kutamfurahisha zaidi ya hivyo.

 Tulipofika kibandani nikauhamisha mwavuli wake kwa mkono wangu mwenyewe, nikaukaza vizuri upande ambao jua linampiga yeye.

Jumatano, 21 Juni

Tambuu na popoo za uchumba zimekuja! Sinia zima, limefunikwa kitambaa chekundu. Mshenga alikuwa anatabasamu kama vile kazi yote aliifanya yeye. Binti wa watu amekubaliwa, kwa meno yake. Harusi ni baada ya mavuno ya mwezi wa kumi.

Kuna sharti moja. Thoa atajifunza kumfungia Bi Nghi tambuu kila asubuhi, na Bi Nghi atamsimulia habari za mama yake, na yeye atamsimulia za mama yake wa kumzaa. Thoa alisema hilo si sharti. Akaingia ndani, akakaa muda mbele ya meza ya uvumba.

Bi Nghi amenitumia na mimi salamu. Anasema shingo imekuwa safi, harara haijarudi, na nisimpelekee kitu chochote ndani ya kopo maisha yangu yote.

Bi Tuat ametazama meno yangu juani. Anasema lakiri ya posta itamomonyoka yenyewe, labda ifikapo Tet, mwaka wetu mpya. Amejitolea kuyamalizia yote yawe sawa. Nimesema nitafikiri. Nikajikuta kweli nafikiri.

Nyumba itakuwa kimya. Kiti cha mbele ya kibanda kitakaa nani? Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Ijumaa, 23 Juni

Leo asubuhi nimechoma uvumba mbele ya marehemu mke wangu, Thoa akiwa shahidi. Nimeapa kwa sauti. Sitapaka, sitachanganya wala sitajaribu kitu chochote kipya juu ya mwili wa mtu yeyote wa familia hii au ya wakwe. Marhamu ya kawaida na unga wa kawaida tu, basi. Thoa alinishika mkono. Ulikuwa wakati mzuri sana. Nimejisikia mtu mpya, mwepesi, mwenye hekima.

Saa nane Hoan alikuja kibandani, kwa mlango wa nyuma, akahakikisha Thoa hayupo. Maskini, ana aibu kama msichana. Amepata chunusi kwenye kidevu na paji la uso, ni wasiwasi wa harusi, na mpiga picha kutoka Hanoi anapita mjini kesho kutwa kuwapiga picha ya uchumba. Akaniuliza kama nina chochote.

Nilimweleza kuhusu kiapo. Alisikitika, akainuka aondoke. Ila nikatafakari. Kiapo kilisema familia hii na ya wakwe. Hoan hajaoa bado. Kisheria, mpaka mwezi wa kumi, ni mteja.

Atakuja kesho kabla ya kazi. Nimekwisha changanya. Salfa, ndimu, siki ya mchele, na chembe za kitu cheupe anachotumia mfua vyuma wa sokoni kusafishia vitasa. Kwenye sufuria safi, safari hii nimeikwangua vilivyo. Inatoa povu na moshi kidogo, na kijiko cha bati nilichokorogea kimekuwa kifupi. Hiyo ni dalili ya nguvu. Kwa uso wa kijana, nitaipunguza na asali.